Kikapu Kwenye Msumari

Kama uliwahi kupita Makambako miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu vya Dubai na kila mwenye kibanda akajiita mfanyabiashara, basi bila shaka ulikisikia king'ora cha Badru Abdulaziz. Badru alikuwa na duka la mabati karibu na stendi. King'ora alikileta mwenyewe kutoka Dar es Salaam, akakipandisha juu ya paa, akawatangazia majirani kwamba sasa mwizi atajuta kuzaliwa. Siku ya kwanza kililia, watu wakaja na marungu, wakamkuta paka. Siku ya pili wakaja tena, wakaukuta upepo. Upepo wa Makambako hauna adabu, unasukuma milango ya watu bila hodi, na king'ora hakikujua tofauti yake na mwizi. Baada ya hapo kikilia watu waliendelea kunywa chai yao, na Badru akamrudisha kazini mlinzi wake wa zamani.

"Fundi, kichukue," alimwambia Anania, aliyekuwa amemfungia mtambo huo. "Kinanitia aibu mpaka msikitini. Kikianza kupiga kelele, watu wote wananigeukia mimi."

Anania alikichukua. Alikuwa fundi redio, Mbena wa Kilutheri, mtu mpole mwenye mikono mikubwa kuliko kazi yake, na nyumbani kwake alikuwa na shida ambayo king'ora kingeweza kuifaa. Shida yenyewe ilikuwa mama mkwe.

Nisieleweke vibaya. Mama Mektilda hakuwa mama mkwe wa kumsema mtu. Alikuwa mjane wa Uwemba, Mkatoliki wa rozari, aliyemruhusu bintiye Hyasinta aolewe na Mlutheri na hakuwahi kulirudia jambo hilo hata kwa kununa. Lakini alikuwa ameanza kusahau. Alianza kwa kusahau chumvi kwenye mboga, akasahau siku, halafu akaanza kusahau watu. Hyasinta akaenda Uwemba kumchukua, akamleta kwake Makambako, na hapo ndipo mama alipoanza kutoroka. Alikuwa akichukua kikapu chake cha mianzi, anakitia viazi vichache vya zawadi, anafunga kitenge chake cha safari, anaondoka kwenda kwao. Mara ya mwisho alipatikana Kitandililo, miguu imevimba, akiwauliza watu kama Uwemba bado ni mbali.

Kaka yake Hyasinta, Kasimiri, aliyekuwa akiishi Njombe mjini na kufanya biashara ya mbao, alikuja siku ile ile na maneno yake yalikuwa mafupi. "Akipotea tena namchukua. Nina ua wa matofali na chumba chenye komeo."

"Utamfungia mama?" aliuliza Hyasinta.

"Ni afadhali afungiwe kuliko agongwe na lori."

Malori kweli yalikuwepo. Nyumba yao haikuwa mbali na lami, na magari ya Mbeya na ya Songea yalipita pale kutwa kucha. Usiku huo alilia, akamwambia mumewe kwamba mama akiwekewa komeo hatamaliza mwaka. Alikuwa mwanamke wa kulima, aliyezoea kuona kilima chake kila akitoka mlangoni. Anania alimwamini.

Sasa utauliza: si Anania alikuwa akishinda nyumbani? Ndiyo, karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Hyasinta alishinda sokoni akiuza viazi, na Ema, binti yao pekee, alikuwa bwenini shuleni. Lakini katika ukoo wao mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa namna ya zamani. Hawakushikana mikono, hawakula pamoja wala kukaa chumba kimoja. Wakikutana njiani, mama alijifunika uso kwa kitenge na kupisha. Wakiwa na neno la kuambiana, walimtuma Ema, na Ema alipokwenda shule wakaanza kumtuma paka.

"We paka," Mama Mektilda angesema akiwa jikoni, "mwambie mkwe wangu chai iko tayari."

"Paka, mwambie mama ahsante," Anania angejibu kutoka upande wa pili wa ukuta, na paka angeendelea kulala.

Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa nyumbani kutwa nzima alikuwa ndiye yule asiyeruhusiwa kumlinda. Anania hakuweza kukaa uani akimtazama, hakuweza kumfuata chooni wala kumshika mkono na kumrudisha. Ndiyo maana alikitaka king'ora, ili kimwite Hyasinta sokoni, ambako sauti yake ilifika vizuri.

Alikipandisha juu ya nguzo getini, kisha akaanza na mlango. Alifunga swichi kwenye fremu, mlango wa uani ukifunguka king'ora kilie. Kililia asubuhi, Hyasinta akaviacha viazi vyake akakimbia, akamkuta mama ameketi kwenye kigoda anasali. Ulikuwa upepo. Kililia tena mchana, safari hii alikuwa jirani aliyekuja kuazima ungo. Siku zilizofuata Hyasinta alikimbia mpaka akachubuka vidole, na wanawake wenzake sokoni wakaanza kumtania kwamba mumewe ana wivu, amemfungia kengele kama ng'ombe.

"Baba Ema," alisema jioni moja, akiwa ameloweka miguu kwenye maji ya chumvi, "mimi nakupenda, lakini chombo chako kinasema uongo. Iko siku kitasema kweli na mimi nitakuwa nimechoka kukimbia."

Maneno hayo yalimchoma Anania, kwa sababu yalikuwa yale yale yaliyompata Badru. Akaacha mlango, akahamia getini. Alilaza mabati mawili ya debe ardhini, katikati akaweka vipande vya godoro, juu akafunika kwa gunia, mtu akikanyaga mabati yagusane. Getini napo wakakanyaga mbuzi, wateja wa redio, na mchungaji aliyekuja kuwajulia hali akaaga na kikombe bado mkononi, ambaye king'ora kilimfanya amwage kahawa yake yote.

Ndipo Anania alipokaa chini na kufikiri kwa makini. Mlango peke yake ulikuwa unasema uongo, na bati peke yake hivyo hivyo. Lakini upepo haukanyagi bati, na mbuzi hafungui mlango wa uani. Je, kama king'ora kingeambiwa kinyamaze mpaka mashahidi wakubaliane? Akatengeneza kisanduku kidogo chenye swichi za redio mbovu. Mlango ukifunguka, kisanduku kinaipokea habari na kukaa nayo kimya, kikisubiri bati lithibitishe. Uongo ukapungua sana, ila haukwisha. Jirani wa ungo bado alitoka mlangoni na kupita getini, na Mama Mektilda mwenyewe wakati mwingine alitoka kuangalia barabara tu, akarudi.

Shahidi wa tatu alipatikana kwa Hyasinta. Walikuwa wakila, na Hyasinta akasema tu, kama mtu anayejisemea, "Mama haendi kwao bila kikapu. Hata akisahau jina lake, mwanamke wa kwetu harudi kwao mikono mitupu."

Anania aliacha ugali mkononi.

Kesho yake, mama akiwa amelala, Hyasinta aliuchomoa msumari uliokuwa ukibeba kile kikapu ukutani, Anania akaufunga kwenye springi, na Hyasinta akaurudisha mwenyewe, mumewe akiwa mlangoni na uso umegeukia nje. Kikapu kikiwa kwenye msumari, uzito wake unaushusha. Kikiondolewa, msumari unapanda na kupeleka habari kisandukuni. Kikapu kimetoka, mlango umefunguka, bati limekanyagwa: yote matatu yakikubaliana, basi huyo si upepo wala mbuzi wala jirani, huyo ni Mama Mektilda anakwenda Uwemba.

Na kweli, kilinyamaza. Upepo ulivuma, kimya. Mbuzi wakapita, kimya. Halafu asubuhi moja ya ukungu kikalia, Hyasinta akakimbia, akamkuta mama getini na kikapu chake kichwani. "Mama, nikusindikize," alimwambia, wakatembea pamoja mpaka kwenye miti ya mikaratusi, wakapumzika, mama akasahau alikokuwa akienda, wakarudi wakicheka. Kila kilipolia ilikuwa kweli. Wanawake wa sokoni waliacha utani, wakawa wanamwambia wenyewe, "Hyasinta, mama anasafiri, tutakuangalizia viazi."

Kasimiri alikuja siku ya soko, amebeba mkate na sukari. Alikwenda kwanza uani kumwamkia mama yake. Alikaa huko kidogo sana, na aliporudi karakanani alikuwa bado ameushika mkate.

"Ameniuliza mimi ni wa nani," alisema.

Anania alimvutia kiti. Mtu akiulizwa hivyo na mama yake mzazi hakuna fundi wa kumtengeneza. Akamimina chai, akaanza kumweleza habari za king'ora. Alimwonyesha nyaya, alimwonyesha kisanduku, na taratibu maneno yakamnogea. Alimweleza mlango ulivyokuwa mwongo na bati lilivyokuwa mzushi, mpaka akafika kwenye msumari.

"Sasa hivi, shemeji, hakidanganyi kabisa," alisema. "Kikinyamaza, jua mama yuko ndani."

Alisema hivyo akiwa ametazama dirishani, na dirishani akamwona Mama Mektilda anapita. Alikuwa nje ya geti, peku, kitenge kinaburura upande mmoja, anakwenda haraka kuelekea lami. Mikononi hakuwa na kitu.

King'ora kilikuwa kimya. Kilikuwa kimeambiwa kimsubiri msafiri mwenye kikapu, na kikapu kilikuwa kinaning'inia salama kwenye msumari wake.

Walitoka mbio wote wawili. Kasimiri ndiye aliyekuwa na miguu mirefu na ndiye aliyekuwa mtoto, kwa hiyo alimfikia kwanza, akamshika mkono. "Mama, unakwenda wapi?"

Mama Mektilda akapiga ukelele. Alimtazama yule mwanaume mkubwa aliyemkamata, hakumjua, akajivuta kwa nguvu ambazo hukudhani mwili ule bado unazo. "Niache! Namtafuta mtoto wangu! Niache, mtoto wangu hajarudi!" Kasimiri alimwachia kwa mshtuko, kama aliyeungua. Mama akageuka na kukimbia, na sasa alikuwa akikimbilia lami moja kwa moja. Kwa upande wa Mbeya lori lilikuwa likishuka.

Anania hakumfuata. Alipita pembeni, akaruka magunia ya viazi yaliyokuwa yamepangwa yakisubiri gari, akaanguka, akainuka, akatokea mbele yake ukingoni mwa barabara. Mikono yake mikubwa ilikuwa imeinuka imshike. Miaka yote ya heshima ilikuwa mikononi mwake pale, na alikuwa tayari kuivunja.

Hakuivunja. Mama Mektilda alimwona, akasimama palepale. Uso wake uliokuwa umejaa hofu ulibadilika, ukawa uso wa mwanamke aliyekutwa na mkwewe akiwa hajajiweka sawa. Akashika ncha ya kitenge, akajifunika kichwa mpaka usoni, akapisha njia, akaingia kwenye majani kando ya magunia. Lori likapita nyuma ya mgongo wa Anania na upepo wake ukamsukuma shati.

"Kamwene," mama alimwamkia kwa lugha ya kwao, sauti ikitoka ndani ya kitenge.

"Kamwene," alijibu Anania, akainamisha macho.

Alikuwa amemsahau mwanawe wa kiume. Alikuwa ameisahau Makambako yenyewe, kila asubuhi akiuliza ni mji gani huu. Lakini mkwe alimjua, na adabu ya ukwe ilikuwa bado nzima ndani yake.

Mama alitafuta wa kumtuma. Paka hakuwepo. Akaligeukia gunia lililokuwa karibu naye.

"We gunia," alisema, "mwambie mkwe wangu nimepotelewa na mtoto. Kale kadogo, Hyasinta. Katoto kangu ka mwisho. Kametoka asubuhi na jua limekwenda, na mimi sijui kamelala njaa wapi."

Mama anayetafuta mtoto habebi kikapu. Anania alilielewa jambo hilo wakati huo huo, amesimama na vumbi la lori mdomoni, na alijiona mjinga wa kutupwa.

"Gunia," alisema polepole, "mwambie mama mtoto amepatikana. Hajapotea. Nimemwona mimi mwenyewe. Amekula, hajambo, na ana watu wanaompenda."

"Gunia, muulize kweli?"

"Gunia, mwambie kweli kabisa."

Mabega ya Mama Mektilda yakashuka. Alivuta pumzi, akageuka, akaanza kurudi nyumbani kwa hatua za mtu aliyetua mzigo. Anania alimfuata kwa mbali, na Kasimiri nyuma yake. Walipofika getini Hyasinta alikuwa anawasili, anahema, maana sokoni walikuwa wamemwambia. Mama alimshika mikono yote miwili kwa furaha.

"Dada yangu," alimwambia, "mwanangu ameonekana."

Hyasinta alimtazama mumewe, halafu mama yake. "Nimesikia, mama," alisema. "Nimefurahi sana." Akamwingiza ndani kumwosha miguu, na wanaume wakabaki uani, wasitazamane.

"Hakikulia," alisema Kasimiri.

"Hakikulia," alikiri Anania. "Nilikinyamazisha mno."

Alijua neno linalofuata ni komeo. Aliliona likija na hakuwa na haki ya kulizuia. Kasimiri aliuweka mkate juu ya kigoda cha mama, akaulaza vizuri, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Mimi mwanawe nimemshika, nusura nimuue," alisema. "Wewe umesimama tu, akarudi mwenyewe. Nimchukue nimpeleke wapi, shemeji? Kwangu hakuna mkwe wa kumrudisha. Kuna ukuta tu." Alikohoa. "Ila nitakuwa nakuja Jumapili. Labda atanizoea, hata kama ni jamaa mwenye mkate."

"Njoo," alisema Anania. "Njoo kila Jumapili."

Kesho yake Anania aliihamisha meza ya kazi. Aliiweka nje ya geti, chini ya nguzo ya king'ora, na kiti chake kikatazama barabara ili mgongo uwe upande wa uani, mama asione aibu. Kisanduku nacho alikifungua upya. Mashahidi watatu wakikubaliana, king'ora kilie kwa Hyasinta kama kawaida. Wawili tu wakikubaliana, mlango na bati, kisipige kelele kumtia mtu hofu wala kumkimbiza mtu bure. Kiwashe taa ndogo nyekundu, ya redio, pale mezani, ili fundi ajue bila kugeuka kwamba nyuma yake kuna mtu, na aamue mwenyewe. Jirani wa ungo aliiwasha mara nyingi na haikumsumbua yeyote. Anania alijifunza hata kumtofautisha kwa ndala zake.

Kasimiri alikuja Jumapili, akaja na iliyofuata. Mama alimwita Baba Mkate, naye akaitika.

Halafu ikaja siku moja ya jua kali, siku adimu kwa nchi ile ya baridi. Anania alikuwa ameinamia redio ya mteja, taa ikawaka. Alisikiliza. Hazikuwa ndala, zilikuwa nyayo peku zinazokwenda taratibu, na zilisimama kwenye gunia la getini. King'ora kilikuwa kimya, kama ilivyopasa, maana kikapu kilikuwa kwenye msumari. Anania aliweka chuma cha kulehemu chini, akakaza miguu tayari kuinuka na kwenda kusimama mbele.

Nyayo hazikuendelea. Mama Mektilda alikuwa akitazama juu ya nguzo.

"We king'ora," alisema. "Mwambie mkwe wangu kuna baridi. Avae koti, ataumwa kifua." Alinyamaza kidogo, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali zamani. "Na umwambie nimefurahi. Mwanangu Hyasinta amepata mume."

Anania alibaki ameangalia barabara.

"King'ora," alisema, "mwambie mama nimesikia. Mwambie koti nitavaa."

Nyayo zikageuka zikarudi ndani. Taa ikazimika.

Hyasinta aliporudi sokoni alimkuta getini, jasho linamtiririka, amevaa koti lake zito la kanisani na amelifunga vifungo vyote.

"Baba Ema! Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeagizwa." Akamweleza yote, neno kwa neno.

Hyasinta akatua kikapu chake cha viazi chini. "Alisema mwanangu nani?"

"Hyasinta."

"Mwanangu Hyasinta amepata mume? Hakusema yule mtoto? Hakusema dada?"

"Alisema mwanangu Hyasinta amepata mume."

Hyasinta alikaa juu ya lile gunia la getini, akajifuta uso kwa khanga.

"Sema tena," alimwambia.